Kichwa cha mtoto kinapouma kila wiki, mzazi naye ahitaji msaada

MTOTO wa darasa la nne anaposhika paji la uso kila Jumatatu asubuhi na kusema kichwa kinamuuma, jambo la kwanza linalowajia wazazi wengi mkoani Singida ni malaria. Akipimwa na kukutwa hana, huja zamu ya taifodi. Nayo isipoonekana, hufuata Panadol, miwani, maombi au safari ya kwa mganga.

Wiki inayofuata kichwa huuma tena. Daftari la matibabu limejaa majina ya dawa, lakini hakuna ukurasa hata mmoja unaoeleza kwa nini maumivu hayaishi.

Wakati huo baba anasema mtoto ni mvivu, mwalimu anasema ni mtoro, bibi anasema amerogwa. Mama, au yeyote anayeishi na mtoto huyo, hubaki katikati akiwa hajui amwamini nani. Akimpeleka shule kwa nguvu anajiona katili. Akimwacha alale anajiona anamharibu.

Watoto wa namna hii ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Mapitio ya tafiti 50 kutoka nchi mbalimbali, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto na vijana wamewahi kupata tatizo la kuumwa kichwa. Wengi wao hawana uvimbe wala ugonjwa wa hatari. Baadhi yao ni watoto wenye hofu na wasiwasi ambao haujapata maneno, ukaamua kusemea kichwani.

Msaada kwa mtoto huyo hupitia kwa mzazi wake. Mzazi aliyeelezwa vizuri ana uwezo wa kupunguza maumivu hayo, na mzazi aliyeachwa peke yake na lawama huweza kuyaongeza bila kujua.

Maumivu ni ya kweli

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kudhani kwamba vipimo visipoonyesha ugonjwa, basi mtoto anadanganya. Sivyo mwili unavyofanya kazi.

Mtu anapoingiwa na hofu, ubongo huamuru homoni kama adrenalini kumwagwa kwenye damu. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, na misuli ya shingo, mabega na ngozi ya kichwa hukaza. Hali hiyo ikidumu dakika chache haina madhara. Ikirudi kila siku kwa wiki nyingi, misuli hubaki imekaza na neva zinazopeleka taarifa za maumivu huwa nyepesi kuamka, kiasi kwamba jambo dogo kama jua, kelele au njaa hutosha kuanzisha maumivu.

Aidha, mtoto mwenye wasiwasi hulala kwa shida na hukosa hamu ya kula asubuhi. Kukosa usingizi na kukaa na njaa, kila kimoja peke yake, ni sababu inayojulikana ya kuumwa kichwa. Hapo duara hukamilika: hofu huleta maumivu, maumivu huleta hofu mpya ya kuumwa tena.

Tanzania ina historia yake katika jambo hili. Januari 30, 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Wanafunzi 95 kati ya 159 walipatwa na hali hiyo, na shule ikafungwa Machi 18 mwaka huo.

Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, waliochunguza tukio hilo na kuandika taarifa yake mwaka 1963, hawakupata kidudu wala sumu iliyolisababisha. Wasichana wale hawakuwa wakiigiza. Tukio hilo hutajwa hadi leo duniani kama mfano wa jinsi mkazo wa nafsi unavyoweza kuushika mwili wa mtoto wa shule. Kichwa kinachouma kila Jumatatu hakivuti macho ya watu kama kicheko cha Kashasha, lakini njia kutoka moyoni hadi mwilini ni ile ile.

Aina mbili zinazowapata watoto

Maumivu ya kichwa yanayojirudia kwa watoto, yasiyotokana na ugonjwa mwingine, kwa kawaida huwa ya aina mbili.

Ya kwanza ni yale yanayotokana na mkazo. Mtoto huhisi kama kichwa kimefungwa kitambaa kilichobana pande zote. Maumivu huwa ya wastani, hayamzuii kutembea, na mara nyingi huongezeka kadiri siku ya shule inavyosonga.

Ya pili ni kipandauso. Kwa mtu mzima ugonjwa huu hupenda kushika upande mmoja wa kichwa, lakini kwa mtoto mara nyingi hushika pande zote mbili au paji la uso. Huambatana na kichefuchefu au kutapika, mtoto huchukia mwanga na kelele, hutaka kulala gizani, na akiamka huwa mzima. Huweza kuchukua saa mbili tu au kuendelea hadi siku tatu. Mara nyingi katika ukoo huwa yupo mzazi, shangazi au bibi mwenye historia kama hiyo.

Kipandauso ni ugonjwa wa kurithi kwa kiasi kikubwa, na wasiwasi hauuzalishi. Hata hivyo, wasiwasi huuchokoza na kuufanya uje mara nyingi zaidi.

Maumivu haya hayakuanza na maisha ya mjini. Kati ya mwaka 2003 na 2004 watafiti walipita nyumba kwa nyumba vijijini katika eneo linalohudumiwa na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, hospitali ambayo pia hupokea wagonjwa kutoka maeneo jirani ya Singida. Miongoni mwa watu zaidi ya 7,000 waliohojiwa, takriban 12 katika kila 100 walikuwa wameumwa kichwa mara kwa mara katika mwaka uliotangulia, na takriban wanne katika kila 100 walikuwa na kipandauso. Wanawake walizidi wanaume kwa mbali.

Malaria ipimwe, lakini isiwe jibu la kila kitu

Mtoto mwenye homa na maumivu ya kichwa lazima apimwe malaria siku hiyo hiyo. Hilo halina mjadala. Lakini Singida si Tabora.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kiwango cha maambukizi ya malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano kilikuwa asilimia 8 kwa nchi nzima, huku Tabora, mkoa jirani, kikiwa zaidi ya asilimia 20. Singida, yenye ukame na msimu mmoja tu wa mvua, imekuwa miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo. Mtoto wa mkoa huo anayeumwa kichwa kila wiki bila homa, na kipimo kikasema hana vimelea, hana sababu ya kumezeshwa dawa ya mseto kila mara "kwa tahadhari".

Kabla ya kuzungumzia wasiwasi, mhudumu wa afya anapaswa kuangalia pia macho, masikio, meno, wingi wa damu na shinikizo la damu. Mtoto asiyeona vizuri ubaoni hukaza macho siku nzima na huumwa kichwa jioni. Mwenye upungufu wa damu, au mwenye selimundu, huumwa kwa sababu nyingine kabisa.

Zipo dalili ambazo mzazi akiziona hapaswi kusubiri hadi kesho. Mtoto apelekwe hospitali mara moja iwapo:

- ana homa na shingo imekaza, au haelewi anachoambiwa, kwani huenda ni homa ya uti wa mgongo;
- maumivu yameanza ghafla na ni makali kuliko yote aliyowahi kuyapata;
- maumivu humwamsha usingizini, au huwa makali anapoamka na kuambatana na kutapika asubuhi kwa siku kadhaa;
- amepata degedege au kifafa, amelegea upande mmoja, anayumba akitembea, au ameanza kuona vitu viwili viwili;
- aliangukia kichwa au alipigwa kichwani siku za karibuni;
- ana umri wa chini ya miaka mitano, au maumivu yanazidi kuwa makali wiki hadi wiki.

Degedege au kifafa kwa mtoto mkubwa asiye na homa kinahitaji uchunguzi wa pekee katika ukanda huu. Katika maeneo yanayofuga nguruwe kama Mbulu, utafiti wa Haydom umeonyesha kuwa mabuu ya tegu ya nguruwe huweza kuingia kwenye ubongo na kusababisha kifafa na maumivu ya kichwa.

Mtoto asiyekuwa na dalili hata moja kati ya hizo, anayekua vizuri na kucheza vizuri siku asizoumwa, kwa kawaida hahitaji kipimo cha CT-Scan. Mzazi anayeelezwa hivyo kwa utulivu huondoka na nusu ya mzigo wake. Anayeambiwa tu "hana kitu" huenda kutafuta kituo kingine na kulipia vipimo vile vile upya.

Mtego wa Panadol

Vidonge vya parasetamoli vinapatikana kila duka, na bei yake ni ndogo. Ndiyo maana hatari yake haionekani.

Kipimo salama kwa mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kisizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 20, kwa mfano, anahitaji kati ya miligramu 200 na 300, yaani takriban nusu ya kidonge cha miligramu 500. Kumpa kidonge kizima kila mara ni kumzidishia, na dawa hiyo ikizidi huumiza ini.

Hatari nyingine ni ya mazoea. Mtu anayetumia dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, huweza kupata maumivu ya kichwa yanayosababishwa na dawa zenyewe. Kichwa huuma kwa sababu dawa imeisha mwilini, mtoto hupewa nyingine, na mchezo huendelea. Kwa mtoto anayeumwa mara kwa mara, dawa isizidi siku mbili au tatu kwa wiki. Ikizidi hapo, mhudumu wa afya ahusishwe.

Mtoto wa chini ya miaka 16 hapaswi kupewa aspirini bila maelekezo ya daktari, kwa kuwa imehusishwa na ugonjwa nadra lakini hatari unaoshambulia ini na ubongo.

Hofu inatoka wapi?

Swali la "una wasiwasi gani?" mara chache hupata jibu kwa mtoto wa miaka tisa. Mtoto hajui kuwa ana wasiwasi. Anajua kichwa kinauma. Maswali madogo hufika mbali zaidi: nani anakaa naye dawati moja, somo gani likikaribia tumbo hubana, njiani anapita wapi, nani humtania, nini kilitokea siku ya mwisho kabla kichwa hakijaanza kuuma.

Mzazi akiandika kwenye daftari kwa wiki nne siku na saa kichwa kilipouma, mtoto alikula nini, alilala saa ngapi na siku hiyo kulikuwa na nini shuleni, mara nyingi sababu hujitokeza yenyewe. Maumivu yanayokuja Jumatatu na kupotea likizo yanaelekeza shuleni. Yanayokuja mwisho wa wiki, baba anaporudi amelewa, yanaelekeza nyumbani.

Shuleni, darasa la nne lina upimaji wa kitaifa, na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi humaanisha mengi kwa familia nzima. Mtoto mwenye bidii na anayeogopa kukosea huumia zaidi ya yule asiyejali, jambo linalowashangaza wazazi wanaodhani kichwa ni kisingizio cha wavivu.

Ipo pia fimbo. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamepata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Ndugu na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa zaidi.

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, na vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, kwa kosa kubwa. Kushindwa hesabu au kuchelewa kwa sababu ya kuumwa hakuingii humo. Mtoto anayejua kwamba akifika amechelewa atachapwa, huanza kuumwa kabla hajatoka nyumbani.

Mengine yanatokana na mazingira. Katika vijiji vya Ikungi, Manyoni au Mkalama mtoto huweza kutembea mwendo mrefu kwenye jua na upepo mkavu, bila uji na bila maji. Huyo ana sababu tatu za kuumwa kichwa kabla hofu haijaongezwa. Miezi ya Januari na Februari, kabla ya mavuno, ghala la familia nyingi za wakulima huwa limepungua, na watoto husikia mazungumzo ya wazazi hata wanapodhaniwa wamelala.

Jinsi mzazi anavyoweza kusaidia

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt nchini Marekani walichapisha jaribio lililowahusu watoto wenye maumivu ya tumbo yanayojirudia, tatizo lililo ndugu wa karibu na maumivu haya ya kichwa. Watoto walinyweshwa maji mengi hadi tumbo likakosa raha. Baadhi ya wazazi waliagizwa kuzungumza na mtoto kuhusu maumivu hayo na kumwonea huruma. Wengine waliagizwa kumpeleka mawazo kwenye mambo mengine.

Watoto waliozungumzishwa kuhusu maumivu walilalamika karibu mara mbili zaidi, na wale waliopelekwa mawazo kwingine walilalamika nusu tu. La kufikirisha ni kwamba wazazi wa watoto wagonjwa walidhani kubadilisha mazungumzo kungemwumiza mtoto, ilhali watoto wenyewe waliona kumewasaidia.

Funzo lake si kumpuuza mtoto. Mzazi anasikiliza mara moja, anakiri kuwa maumivu yapo, kisha anaongoza njia: "Mwanangu, najua kinauma. Kunywa maji, tumalize uji, nitakusindikiza hadi kwenye mwembe." Kinachodhuru ni kumuuliza kila saa, "Kichwa kinaendeleaje?" Swali hilo, hata likiulizwa kwa upendo, humkumbusha mtoto kuutafuta ugonjwa.

Shule isiachwe. Mtoto anayebaki nyumbani kila anapoumwa hupata nafuu ya haraka, na nafuu hiyo humfundisha mwili kuumwa tena. Kesho yake masomo yamempita, hofu imeongezeka na safari ya kurudi imekuwa ndefu zaidi. Asiye na homa wala kutapika aende, hata kama ataanza kwa nusu siku. Anayelazimika kubaki apumzike kweli, bila televisheni wala simu, ili kubaki nyumbani kusiwe sikukuu.

Mengine ni ya kila siku: kulala na kuamka saa zile zile, na mtoto wa miaka 6 hadi 12 apate usingizi wa saa 9 hadi 12, chakula cha asubuhi hata kikiwa uji mtupu, chupa ya maji ya kwenda nayo shuleni, na muda wa kucheza.

Lipo pia zoezi la pumzi lisilohitaji hela. Mtoto huvuta pumzi taratibu kwa hesabu ya nne hadi tumbo lijae, kisha huitoa kwa hesabu ya sita huku akilegeza mabega. Afanye hivyo dakika tano kila jioni akiwa mzima, ili siku ya maumivu mwili uwe umezoea.

Mbinu hizi zimepimwa. Mwaka 2013 watafiti wa Cincinnati, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio la vijana 135 wa miaka 10 hadi 17 wenye kipandauso sugu. Wote walipewa dawa moja, lakini kundi moja lilifundishwa pia kudhibiti mawazo, pumzi na mkazo. Baada ya wiki 20, asilimia 66 ya waliofundishwa walikuwa wamepunguza siku za maumivu kwa nusu au zaidi, dhidi ya asilimia 36 ya waliopata dawa na elimu ya kawaida.

Jaribio jingine la mwaka 2017 lilishangaza zaidi. Dawa mbili zinazotumika kuzuia kipandauso zililinganishwa, kwa watoto wa miaka 8 hadi 17, na vidonge visivyo na dawa yoyote ndani yake. Hakukuwa na tofauti ya maana, na zaidi ya nusu ya watoto walipata nafuu katika kila kundi, wakiwamo wale wa vidonge vitupu. Kuwa na mtu anayekufuatilia, anayekueleza na anayekupa matumaini ni sehemu ya tiba.

Nani amsaidie mzazi?

Watoto husoma nyuso. Mama anayetetemeka kila mtoto anaposhika kichwa, akidhani ni uvimbe, humpelekea mtoto habari kwamba kweli ipo hatari. Wazazi wengi wa watoto wenye wasiwasi wana wasiwasi wao wenyewe, wa madeni, wa ndoa, wa msiba au wa mavuno, na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Lawama huzidisha mzigo huo. Katika familia nyingi, mtoto asipopona, mama ndiye anayeulizwa alikosea wapi: alikula nini akiwa mjamzito, alimwacha na nani, kwa nini amemdekeza. Mume anayesema "huyo ni wako, umemharibu" amemwondolea mtoto mlezi mtulivu siku hiyo.

Msaada wa kwanza, basi, ni watu wazima wa nyumba moja kukubaliana neno moja. Baba, mama, bibi na dada wa kazi wote wampe mtoto jibu lile lile akilalamika. Mmoja akimchapa, mwingine akimbembeleza na wa tatu akimpa kidonge, mtoto hubaki bila nguzo.

Msaada wa pili uko kwa mhudumu wa afya. Dakika tano za kueleza kwamba maumivu ni ya kweli, kwamba dalili za hatari zimetafutwa na hazikuonekana, na kwamba mtoto arudi baada ya wiki nne na daftari lake, zinafanya kazi kubwa kuliko dawa tano zilizoandikwa ili mzazi asiondoke mikono mitupu.

Msaada wa tatu ni wa shule. Mzazi hana sababu ya kwenda kwa ugomvi. Aende na daftari, aombe kuzungumza na mwalimu wa darasa au mwalimu wa ushauri nasaha, na aombe mambo madogo: mtoto aruhusiwe kunywa maji, apumzike dakika 15 anapozidiwa kisha arudi darasani, asichapwe kwa sababu ya kuumwa. Mwalimu anayekubali hayo hupoteza muda mchache kuliko anaoupoteza kwa mtoto anayelia.

Kuhusu viongozi wa dini na waganga, familia nyingi hazitaacha kwenda, na kuwabeza hakusaidii. Sala huweza kumtuliza mtoto. Ila mtoto asiambiwe kwamba jirani fulani amemroga au kwamba amekaliwa na jini, maana huko ni kumwongezea hofu mtu aliyekuja kutibiwa hofu. Chale na dawa zisizojulikana zikataliwe.

Huduma zilizopo

Mkoa wa Singida, wenye watu zaidi ya milioni mbili kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, hauna utajiri wa wataalamu wa saikolojia ya watoto. Hata hivyo, mzazi anapo pa kuanzia.

Zahanati au kituo cha afya ndicho mlango wa kwanza. Kutoka hapo mtoto anaweza kupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida, au hospitali za mashirika ya dini kama Mtakatifu Gaspar ya Itigi. Wenye matatizo mazito zaidi ya akili hupelekwa Dodoma, umbali wa takriban kilomita 240 kutoka mjini Singida, iliko Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, iliyoanzishwa mwaka 1927. Mtoto mwenye wasiwasi na maumivu ya kichwa mara chache sana huhitaji kufika huko, na mzazi asiogope kwamba kutajwa kwa neno "akili" kunamaanisha mwanawe ni kichaa.

Halmashauri zina maafisa ustawi wa jamii, ambao ndio wa kufuatwa pale inapogundulika kuwa hofu ya mtoto inatokana na kupigwa, kunyanyaswa au kuguswa vibaya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto dhidi ya mateso na adhabu za kikatili. Namba ya simu 116, ya huduma kwa mtoto, hupigwa bure, na namba 199 ya Wizara ya Afya hutoa maelezo ya kiafya bila malipo.

Kwa mtoto mwenye huzuni isiyoisha, anayejitenga na wenzake, aliyeacha kula, au anayesema bora angekufa, msaada utafutwe siku hiyo hiyo, hata kama kichwa kimeacha kuuma.

Nafuu ya maumivu haya haiji kwa siku moja. Mara nyingi dalili ya kwanza ni kwamba mtoto bado anaumwa lakini anakwenda shule. Baadaye siku za maumivu hupungua kutoka nne kwa wiki hadi mbili, kisha moja. Mzazi asiyeelezwa hilo hukata tamaa wiki ya pili na kurudi dukani kununua vidonge. Anayelijua hufungua daftari lake mwisho wa mwezi, akahesabu, na kuona kwamba mwanawe anapona.